Mashahidi Wasiokauka

1

Kila Jumatatu asubuhi, kabla mtu mwingine hajafika, Nyemo alifungua mlango wa ukumbi wa Wakala wa Visima na kuwakuta mashahidi arobaini na mmoja wameinamisha vichwa.

Mwaka wa tatu sasa alikuwa anaufungua mlango ule, na bado hakuuzoea. Alisimama kizingitini, akavua ndala, akaingia polepole kama mtu aliyechelewa kanisani. Mashahidi walikuwa miche, mia mbili na kumi na miwili kwa jumla, kila mmoja katika chungu chake kilichozibwa mdomo kwa nta, safu kwa safu chini ya paa la kioo. Jua la mji wa Msanjile, kali lisilo na adabu, lilipenya majani yao likatua sakafuni limekuwa la kijani na la upole. Na walikuwa wanapumua. Ukinyamaza sana uliwasikia, pumzi nyingi ndogo, kama watoto waliolala chumba kimoja.

"Mbukwenyi," Nyemo aliwasalimia kwa Kigogo.

Kwa watu salamu hiyo ilimkwama kooni. Kwa miche ilitoka yenyewe.

Kazi yake ilikuwa usafi, chai, na kuwapikia watumishi wali wa mchana. Sheria ya ukumbi aliijua: mche shahidi haumwagiliwi. Wala hakumwagilia hata siku moja. Alifuta vumbi tu. Vumbi jekundu la Msanjile huingia hata kwenye sanduku lenye kufuli, na mama yake alimfundisha kwamba jani lenye vumbi ni kama jicho lenye tongo, ukiliacha umeliacha lipofuke. Basi alifuta, kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya kuoshea mchele, kwa sababu maji hayo yalikuwepo na kwao maji hayamwagwi nje hivi hivi. Ndipo, mwezi wa kwanza tu wa kazi, akaona jambo la ajabu. Mche uliokuwa wa manjano, alipoufuta, ulinyanyuka. Uliinua jani moja, kisha la pili, taratibu, kama mgonjwa anayeomba ashikwe mgongo aketi.

Tangu hapo, waliolegea aliwafuta mara mbili, kila siku ya kazi. Jumapili hakuja, na Jumatatu wale arobaini na mmoja walikuwa wamelegea tena. Hakumwambia mtu. Hakuwa anaficha, hakuulizwa tu, naye hakuwa mtu wa kuanzisha mazungumzo.

Saa mbili ofisi ilijaa. Yaredi wa mapokezi alipita na chupa yake ya chai.

"Nyemo, umeamkaje? Usijibu, usijibu. Siku ukiongea mvua itanyesha, na mimi nimeanika nguo."

Nyemo alitabasamu akitazama ndoo.

Dirishani kwa Yaredi alikuwa amesimama mfuga nyuki mmoja, mara yake ya kwanza kuja. Yaredi alimpa mbegu nyeusi, ndogo kama ya papai.

"Iweke chini ya ulimi. Useme haja yako mbegu ikiwa humo humo mdomoni, halafu uitie kwenye chungu hiki, nizibe."

"Nikiimeza?"

"Utaota wewe, na tutakuweka safu ya tatu pale."

Foleni ilicheka. Mfuga nyuki alisema haja yake, birika la maji la kijiji chake lilikuwa limepasuka, akaitema mbegu kwenye udongo kwa heshima kubwa. Kabla hajafika mlangoni, Yaredi alipitisha sindano ya moto kwenye nta, na kupitia kitundu hicho chipukizi jeupe lilichungulia. Mtu yule alirudi, akapiga goti moja, akalitazama mpaka foleni ikamsukuma.

Zamani, wazee wa ofisi walisimulia, utumishi ulipimwa kwa karatasi, na karatasi haimkatalii mwandishi wake. Ofisi iliyolala usingizi iliandika kwamba iko macho, na makao makuu yakaamini. Ndipo wataalamu wa mimea wakaombwa waunde shahidi asiyejua kuandika. Kila mtumishi alivishwa pete ya uzi wa mzizi, iliyohisi mkono wake umefanya nini. Mpimaji akifika kijijini kweli, fundi akishika bomba kweli, mrija uliopita chini ya sakafu ulidondosha tone moja kwenye chungu cha haja ile. Kazi ikilala, tone halikuja, na mche ulinyauka mbele ya macho ya kila aliyeingia. Ukifa, mizizi yake, iliyoshikana na mizizi mingine chini ya barabara na mashamba hadi makao makuu, ilituma mtetemo. Hapo walikuja Waitikiaji na magari yao na mitambo yao, wakaifanya wenyewe kazi iliyoishinda ofisi. Meneja aliyefiwa na miche mitatu alirudishwa nyumbani.

Na haja ikitimia, mche ulichanua.

Asubuhi hiyo mmoja ulichanua, saa nne hivi, safu ya kwanza. Ulianza kwa harufu, ile ya ardhi kavu inapoonja mvua ya kwanza. Mazungumzo yakakatika dirisha kwa dirisha. Kisha ua lilifunguka, la rangi ambayo Nyemo hakuwa na jina lake, kati ya bluu na rangi ya moto, na miche yote iliyobaki ikaligeukia kwa pamoja, majani yakisuguana kama watu wanaosogea kumpisha bibi harusi. Mwenye haja, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, alikuja kuuchukua akaupande karibu na kisima chake kipya. Yaredi mwenyewe, bingwa wa maneno, alikuwa amevua kofia.

Msanjile haukuwa umekufa mche hata mmoja kwa miaka mitatu. Nchi nzima hakukuwa na ofisi ya namna hiyo. Alhamisi, walitangaziwa, Dakta Kihwelo, aliyeiunda mbegu ya kwanza kwa mikono yake, angekuja kuona kwa macho.

2

Jumanne aliingia mwanamke wa makamo, vumbi limempanda mpaka magotini, ameshika chupa ya plastiki iliyojaa kitu kama chai ya maziwa. Aliiweka dirishani kwa Yaredi.

"Shikamoo sitoi, wewe ni mdogo wangu," alisema. "Naitwa Sechelela. Haya ni maji tunayokunywa. Nimekuletea uonje."

Foleni iliguna. Yaredi aliitazama chupa, hakuigusa.

"Mama, si ulikuja mwaka jana?"

"Na mwaka juzi. Na kabla ya hapo nilikuja kupanda. Hii ni safari ya nne, kwa miguu, siku moja na nusu. Kila nikija mnanionyesha mche."

"Si kwa ubaya, mama. Angalia mwenyewe." Yaredi alinyoosha mkono kuelekea katikati ya ukumbi. "Ule pale. Hakuna haja inayoshughulikiwa hapa kama ya kwako."

Ulikuwa mrefu kuliko yote. Shina lake lilikuwa nene kama mkono wa mtu mzima, majani mapana, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na kilele chake kilikaribia kugusa kioo cha paa. Wajumbe wa ofisi nyingine walikuwa wanapiga nao picha. Sechelela aliusogelea, akainua uso. Nyemo, aliyekuwa karibu na sinia la vikombe, aliona mshangao wa kweli ukimpita yule mama usoni. Ulikuwa mzuri kiasi kwamba huwezi kuutazama usistaajabu.

"Mimi nilitema mbegu," Sechelela alisema taratibu, "imekuwa hivi." Akaugusa shina kwa viganja viwili. "Unakunywa kuliko sisi."

Aliketi kwenye benchi. Nyemo alimpelekea chai, akaombwa maji matupu badala yake. Sechelela alikunywa nusu glasi, na nusu iliyobaki akaitia kwenye kichupa alichotoa kifuani.

"Ya mjukuu," alisema, bila aibu. "Hajawahi kuona maji unayoweza kuona upande wa pili."

Nyemo alisimama pale na sinia.

"Ni... kijiji gani, mama?"

"Mzogolwe. Pampu ilikufa mwaka ule uliofuata nzige. Tunachimba mchanga mtoni. Zamani urefu wa mkono. Siku hizi mtu anashuka mzima, tunamshusha kwa kamba. Mwezi uliopita mchanga ulimporomokea kijana wa jirani yangu. Tulimtoa. Mguu wake haujarudi sawa."

Mzogolwe. Nyemo alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, mama yake alipougua akabaki nyumbani, na maneno aliyasoma kama anayevuka mto kwa mawe, jiwe moja, kisha lingine. Lakini herufi zile alizijua zilipo. Alienda kwenye kona ya chai. Birika kubwa lilikaa pale siku zote juu ya rundo la mafaili ya zamani, ili lisiunguze meza. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kuliweka hapo. Aliliinua. Juu ya jalada, katikati ya duara nyingi za kahawia zilizopandana, palikuwa pameandikwa kwa wino.

M-zo-go-lwe.

Ndani kulikuwa na karatasi moja. Hakukuwa na ripoti ya mpimaji, wala barua, wala saini.

Alitazama ukumbini, kwenye mche mrefu, mmoja wa wale aliokuwa akiwafuta mara mbili. Halafu akatazama ndoo yake. Maji ya mchele yalikuwa yametulia, meupe, na ndani yake aliona paa la kioo limepinduka.

3

Mama Mwaluko, meneja, alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya watu. Aliwahi kuuza ng'ombe wake amzike baba wa mtumishi. Alimsikiliza Nyemo mpaka mwisho, na haikuwa kazi ndogo, kwa sababu Nyemo alisema kwa sauti ya kunong'ona akiwa ameelekea dirisha.

"Unafuta kwa maji ya mchele," meneja alirudia.

"Ndiyo, mama."

"Mingapi?"

"Arobaini na mmoja. Mingine inakula jasho lake."

Mama Mwaluko alivua miwani. Alimwita Yaredi, akamwita mpimaji, akamwita fundi mkuu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja wao akaulizwa swali lile lile: haja ya Mzogolwe iko mkononi mwa nani? Yaredi alidhani iko kwa mpimaji. Mpimaji alidhani imeshapita kwake ikaenda kwa fundi. Fundi alicheka.

"Ile? Ile si inaendelea? Mche wake si ule?"

Walipotoka, meneja alifunga mlango.

"Tulikuwa tunatazama kijani," Mama Mwaluko alisema. "Kila mmoja anapita pale asubuhi, anaona kijani, anasema moyoni, mwenzangu yupo kazini. Mungu wangu. Ungeuacha unyauke, mwaka ule ule tungeshtuka."

Hilo Nyemo hakuwa amelifikia. Alidhani amewaficha wavivu. Kumbe aliwatengeneza.

"Na ungekufa," meneja aliendelea, zaidi kwa nafsi yake, "Waitikiaji wangekuja. Mzogolwe wangekuwa na maji zamani."

"Naenda kumwambia yule mama."

"Subiri." Mama Mwaluko aliinuka. "Nisikilize, mwanangu. Keshokutwa Dakta anakuja. Miche arobaini na mmoja ikianguka mbele yake, mimi natoka, na watumishi kumi na wanane wanatawanywa, na wewe wa kwanza. Acha ziara ipite. Jumatatu namtuma mpimaji Mzogolwe, naapa, mimi mwenyewe nitapanda gari. Kimya kimya tutafanya moja baada ya nyingine. Wewe endelea kufuta siku hizi mbili tu. Siku mbili ni nini kwa miaka mitatu?"

Maneno ya meneja yalikuwa na akili. Jumatano Nyemo alifuta, na alipofika kwenye mche mrefu, jani lilijigeuza lenyewe kuja kwenye kitambaa, kama mbuzi anayeujua mkono wa mwenye chumvi. Alilia kidogo, bila sauti, akamaliza safu.

4

Dakta Kihwelo alikuwa mfupi, mwenye ndevu nyeupe na viatu vilivyochakaa. Aliingia ukumbini Alhamisi akafanya jambo ambalo hakuna mgeni mwingine aliyewahi kulifanya: alivua viatu kizingitini. Nyemo, nyuma ya nguzo na kanga yake kiunoni, alimpenda hapo hapo.

Alitembea kati ya safu. Alipofika chini ya mche wa Mzogolwe alisimama muda mrefu.

"Nimetembelea ofisi mia na arobaini," alisema. "Sikuwahi kuona kitu kama hiki. Miaka mitatu bila kuchanua, na bado unapanda. Haja hii lazima ni ngumu sana, na ninyi hamkuiacha hata siku moja." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Nilipokuwa natengeneza mbegu, wenzangu walisema watu hawabadiliki. Ningependa wauone huu."

Watumishi walitazama vidole vyao. Sechelela, aliyekuwa amelala kwa binamu yake mjini akikataa kurudi mikono mitupu, alikuwa kwenye benchi na chupa yake.

"Nilikuja na habari pia," Dakta aliendelea. "Mtambo mkubwa wa kuchimba uko njia panda, kilomita ishirini kutoka hapa. Nilikuwa nimeutenga kwa ajili ya wilaya hii, endapo ungehitajika. Sasa naona hamuuhitaji. Mchana huu nautuma kaskazini, kwenye ofisi ambazo miche inakufa."

Nyemo alimtazama Mama Mwaluko. Midomo ya meneja ilifunguka. Ikafungwa.

Nyemo alijaribu kusema, na sauti haikuja. Ilikaa pale pale ilipokaa siku zote. Lakini mikono yake haikuwahi kuwa na haya. Alitoka nyuma ya nguzo, akafungua kanga kiunoni, kavu, iliyopigwa pasi asubuhi, akaanza kulifuta jani la chini kabisa la mche mrefu. Alilifuta juu na chini mpaka unyevu wote ukaisha, kisha akashika lililofuata.

"Dada, unafanya nini?" Dakta aliuliza.

Jani la kwanza lilijikunja. La pili likafuata. Umanjano ulipanda shina kama moto unaopanda nyasi, bila moshi, bila sauti, na watu walirudi nyuma hatua moja. Mche uliozoea kunywa kwa ngozi haukuwa na akiba yoyote chunguni. Kilichouweka hai kilikuwa juu ya majani, na kilikuwa kinaingia kwenye kanga ya Nyemo. Alivuta ngazi ya kufutia vioo vya paa akapanda, akaendelea.

Dakta Kihwelo alikuwa ameshika jani lililokauka, akaliweka karibu na jicho.

"Umejifunza kunywa hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Kwa jani. Mimi sikuupa mdomo huu." Akamtazama Nyemo kama mtu aliyekutana na mlima mahali pasipokuwa na mlima. "Umeulisha nini?"

"Maji ya mchele." Na kwa kuwa neno la kwanza lilikuwa limepita, mengine yalikuta mlango wazi. "Niliona unakufa, nikauonea huruma. Kila siku, miaka mitatu. Hakuna aliyekwenda Mzogolwe, baba. Faili lao lilikuwa chini ya birika langu. Huu ni shahidi wa uongo, na mimi ndiye niliyeufundisha. Usipeleke mtambo kaskazini."

Nyemo aliteremka ngazini. Lilibaki jani moja, la kileleni, na kanga yake ilikuwa imelowa. Alimgeukia Sechelela.

"Ni wako, mama. Ukiniambia niache, nitaacha."

Sechelela alikuja taratibu. Alipapasa shina ambalo siku mbili nyuma lilimshangaza.

"Nimeona vingi vikifa kwa kungoja maji," alisema. "Ng'ombe, mihogo, mama mkwe wangu. Vyote vilikufa bila kusikika. Huu angalau una wa kumwambia." Akachukua upande mkavu wa kanga, akapanda ngazi, akalifuta jani la mwisho yeye mwenyewe.

Mche ulikufa umesimama. Kwa pumzi moja hakikutokea kitu. Kisha sakafu ilinguruma chini ya miguu yao, ngurumo ndefu ya chini chini, ikapita mlangoni, ikaelekea barabarani, na miche yote hai ukumbini ikainama kuufuata mtetemo ule ulikokwenda.

Nyemo alitazama safu ya pili. Palikuwa na mwingine wa wale arobaini na mmoja, haja ya zahanati moja ya Nholo. Aliufuta kwa upande mkavu wa kanga. Sakafu ikanguruma tena.

Wa tatu ndio uliokuwa wa kumwondoa meneja. Nyemo aliufikia akasita, kanga mkononi, akikumbuka ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya maziko ya mtu. Alisikia viatu vikivuliwa nyuma yake. Mama Mwaluko alikuwa ameshusha mtandio wake begani.

"Nipishe, mwanangu," alisema. "Huu ni wangu."

Na akaufuta, jani kwa jani, bila haraka, kama anayemwosha maiti wa kwao. Alipomaliza, aliivua pete ya mzizi kidoleni, akaiweka juu ya chungu. Yaredi aliutazama mche wa nne, akatoa leso mfukoni. Kisha mpimaji. Kisha fundi mkuu. Ukumbi ukawa wa manjano safu kwa safu, kama shamba la mtama lililokomaa, na ngurumo zikafuatana mpaka hazikutenganika tena, zikawa mngurumo mmoja uliotikisa vioo vya paa. Dakta Kihwelo alikuwa amepiga magoti, viganja sakafuni, analia na kucheka.

Yaredi alitazama juu kwenye kioo.

"Nguo zangu," alisema.

Sechelela alikuwa amelala kifudifudi, sikio limegusa sakafu.

"Njoo usikilize," alimwambia Nyemo.

Nyemo alilala kando yake. Mwanzoni ulikuwa mngurumo tu, unakwenda mbali. Halafu, kutoka upande wa njia panda, taratibu, ulianza kurudi.